Alt tupu si kosa, jamani

Juzi mteja niliyemtengenezea tovuti ya duka lake la kanga kanitumia ujumbe: "Kaka, kuna picha 12 uliziacha bila alt, nimekusaidia kujaza." Alt ni maandishi yanayofichwa kwenye msimbo wa tovuti ili yashike nafasi ya picha kwa asiyeiona. Nikafungua. Zote kaandika neno moja: "picha". Kistari cha mapambo, "picha". Ua la pembeni, "picha".

Kisoma skrini, programu inayomsomea asiyeona kilichomo kwenye ukurasa, chenyewe hutangaza kwamba hapa pana picha, kisha ndipo kinasoma ulichoandika. Kwa hiyo asiyeona anasikia "picha, picha" mara 12 kabla hajaifikia bei ya doti.

Narudia, na nimechoka kurudia: alt tupu na alt isiyokuwepo ni vitu viwili. Alama za kunukuu zisizo na kitu ndani, alt="", zinakiambia kisoma skrini "hii ruka". Ukiifuta alt yenyewe, kinabaki kubahatisha, na wakati mwingine kinaokota jina la faili na kumsomea mtu IMG na msururu wa tarakimu. WCAG 2.0, miongozo ya kimataifa ya tovuti zinazotumika na wenye ulemavu, ya mwaka 2008, inalisema hili kwenye kigezo cha kwanza kabisa, 1.1.1: pambo liwekwe kwa namna ya kuweza kurukwa. Sikulitunga mimi.

Picha iliyo kiungo au kitufe, andika inakompeleka mtu au inachofanya. Kilenzi cha utafutaji ni "Tafuta", si "lenzi". Tuendelee.

Kinachoniudhi zaidi ni imani kwamba alt ni maelezo ya kinachoonekana. Alt inashika nafasi ya picha katika kazi yake pale ilipo. Mteja huyuhuyu, kwenye kanga zenyewe, kaandika "kanga nzuri nyekundu". Jina je? Nani ananunua kanga bila kusoma jina? Umpelekee mama mkwe doti, kumbe imeandikwa kijembe! Jina liingie kwenye alt neno kwa neno, kwa sababu ndani ya picha ni wino tu, kisoma skrini hakilioni. Ndivyo ilivyo pia kwa matangazo ya kazi yanayopigwa picha na kubandikwa mazima. Hayo hata alt haiyaponyi. Yaandikwe upya kama maandishi.

Halafu angalia lang, sehemu ya msimbo inayotaja lugha ya ukurasa. Violezo vingi vya tovuti huja na "en", basi Kiswahili chako kinasomwa kwa matamshi ya Kiingereza. Weka "sw". eSpeak NG, programu ya kutamka iliyomo ndani ya kisoma skrini cha NVDA, ina sauti ya Kiswahili.

Ninapokwama ni kwenye pindo na mji. Niseme "korosho za manjano"? Aliyezaliwa haoni, manjano inamfaa nini? Ila huenda anamnunulia anayeona, basi rangi naiandika. Na ile picha kubwa ya juu, ya mwanamke anayecheka kajitanda kanga: ni pambo, au ndiyo sura ya duka? Niliiacha tupu, nikaijaza, nikaifuta tena. Leo iko tupu.