Je, wajua kwa nini viazi sukari vya Marekani (sugar beet, mizizi inayotengenezwa sukari) husubiri vibarua wanaokuja na nyumba zao?

Kila inapokaribia Oktoba Mosi, karavani (nyumba za magurudumu zinazovutwa na gari) na magari-nyumba huelekea bonde la mto Red, mpakani mwa Minnesota na North Dakota. Waliomo, wakiwemo wastaafu, wanakwenda kufanya kibarua cha wiki mbili hivi kwenye malundo ya viazi sukari. Kwa nini wao, wakati mashamba yana wenyewe?

Jibu limo ndani ya kiazi. Muwa ukishakatwa lazima usagwe upesi, kwa hiyo hukatwa kwa kadiri kiwanda kinavyoweza kumeza. Kiazi sukari huweza kukaa nje miezi kadhaa, mradi kiwe na ubaridi. Lakini hata kikishang'olewa bado kinapumua, na kinapopumua kinakula sukari yake na kutoa joto. Kikirundikwa kikiwa na zaidi ya nyuzi 13 hivi za Selsiasi, lundo hujipasha moto kutoka ndani na kuoza. Kikipigwa na barafu shambani kisha barafu ikayeyuka, kinaoza vilevile. Mkulima amebaki na mwanya mwembamba kati ya joto la Septemba na ardhi kuganda, na mazao yote yapite humo. Ndiyo maana kazi huenda usiku na mchana, zamu mbili za saa 12, na husimama ghafla mvua ikinyesha au jua likizidi. Anayepanga bajeti asihesabu siku zote kuwa za kazi.

Wakulima wenyewe wako kwenye mashine na malori. American Crystal Sugar, ushirika ambao wakulima wanaumiliki tangu 1973, una viwanda vitano bondeni humo, na kwenye vituo vya kurundika panahitajika watu wa kuelekeza malori, kujaza mifuko ya sampuli za kupimwa sukari na kuzoa viazi vinavyomwagika. Miji ya huko ni midogo. Hakuna nyumba za kupangisha mamia ya watu kwa wiki mbili. Anayekuja na kitanda, jiko na choo chake huhitaji tu mahali pa kuegesha penye umeme na maji.

Sasa, kufika. Kinachowaangusha wengi njiani ni uzito, na huu hauonekani kwa macho. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo tangi la lita 200 likijaa ni kilo 200 kabla hujapakia nguo nzito, vyakula na vifaa. Pitia kwenye mizani ya malori. Pima pikapu na karavani zikiwa zimeunganishwa, vyuma vya kwenye kiungio vinavyosambaza uzito vikiwa vimelegezwa, kisha pima pikapu peke yake na watu na mizigo ileile. Tofauti ya uzito wa jumla ndiyo karavani. Tofauti ya uzito kwenye ekseli za pikapu ndiyo mzigo unaokaa juu ya kiungio, nao uwe asilimia 10 hadi 15 ya karavani: kwa karavani ya kilo 3,000, ni kilo 300 hadi 450. Ukipungua, maana yake mizigo imelundikana nyuma, na upepo wa pembeni au lori likipita, karavani itaanza kuyumba huku na huku hadi ilivute gari.

Tairi nalo hudanganya. Tairi la karavani huzeeka likiwa limeegeshwa, na baada ya miaka mitano au sita halifai hata kama halijawa kipara. Soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT (idara ya uchukuzi ya Marekani) ubavuni: 3521 ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Pima upepo asubuhi kabla ya kuondoka, tairi likiwa baridi. Likipungukiwa upepo, ubavu unajikunja kila mzunguko, unapata joto, na nyuzi zake zinaachana. Kwenye karavani ya ekseli mbili, tairi moja likipasuka jirani yake hubeba mzigo wa mawili, kwa hiyo nalo likaguliwe kabla ya kuendelea. Matairi mengi ya aina hii yameundwa kwa mwendo usiozidi kilomita 105 kwa saa. Gurudumu likifunguliwa, kaza nati tena baada ya kilomita 80 hadi 160.

Ukishafika, adui ni baridi ya usiku. Mpira wa maji huganda. Jaza tangi la ndani kabla ya kulala, chomoa mpira, tumia pampu. Koki ya maji taka ya choo ifungwe hadi tangi lifike theluthi mbili, ndipo umwage kwa mkupuo. Ikiachwa wazi, maji hutiririka kidogo kidogo na kuganda bombani, na uchafu mzito unabaki ndani. Umeme wa ampea 30 kwa volti 120 ni wati 3,600 tu: hita mbili za wati 1,500 na birika vikiwashwa pamoja, swichi itakata.

Gesi nayo huisha haraka kuliko watu wanavyodhani. Tanuru dogo la BTU (kipimo cha joto) 30,000 kwa saa humaliza mtungi wa kilo 9 kwa saa 14 hivi za moto usiokatika, hivyo uwe na miwili. Isitokee, tafadhali, mtu akawasha jiko ili kupasha chumba: hewa ya monoksidi ya kaboni haina harufu, na anayelala mchana baada ya zamu ya usiku, madirisha yakiwa yamefungwa, haamki. Jaribu kengele ya kutambua hewa hiyo kabla ya kulala mara ya kwanza. Kama imepita tarehe iliyoandikwa nyuma, nunua nyingine.