Jicho Limeona, Mkono Umekwenda Kwingine: Umakini na Kujizuia Tangu Uchanga Hadi Uzeeni

Mpakate mtoto wa miezi 8, na mbele yake tandaza vitambaa viwili. Ficha kikaragosi kidogo chini ya kitambaa cha kushoto, kisha mwache akitafute. Atakifunua na kukipata. Rudia mara moja au mbili. Safari hii, huku anakutazama, kifiche chini ya kitambaa cha kulia, mzuie sekunde chache, kisha mwachie. Mara nyingi mkono wake utakwenda kushoto, pale pa zamani. Linaloshangaza zaidi ni kwamba wako watoto ambao macho yao yanatazama kulia, mahali penyewe hasa, wakati mkono unafunua kushoto.

Mwanasayansi wa ubongo Adele Diamond aliwafuatilia watoto wachanga kwa kipimo hiki mwezi baada ya mwezi. Karibu na miezi 8, kumzuia mtoto sekunde 2 au 3 kunatosha kumfanya akosee. Akikaribia mwaka, unaweza kumzuia hata sekunde 10 naye akapatia. Mwaka 1989, Diamond na mwenzake Patricia Goldman-Rakic walionyesha kwamba nyani waliokwisha kukomaa, lakini wenye jeraha kwenye sehemu ya mbele ya ubongo, hufanya kosa lile lile la mtoto mchanga.

Ninaanza na mtoto huyu kwa sababu kazini kwetu, tunakopokea watu wanaoletwa kuchunguzwa, hakuna sentensi tunayoisikia mara nyingi kama hii: "Anajua kabisa, hataki tu." Husemwa juu ya mtoto wa miaka 3, juu ya kijana wa miaka 16, na juu ya mzee wa miaka 70. Nusu ya kwanza ya sentensi hiyo mara nyingi ni kweli. Nusu ya pili ndiyo inayotutia wasiwasi. Kujua lililo sahihi na kuuzuia mwili usifanye lile ulilozoea ni kazi mbili tofauti za ubongo, na haziivi kwa wakati mmoja wala hazichoki kwa wakati mmoja.

Mtazame mtoto wa miaka 3. Mwaka 1996 Philip Zelazo na wenzake walichapisha uchunguzi wa mchezo mwepesi wa kadi. Mtoto anaambiwa apange kadi kwa rangi: nyekundu huku, buluu kule. Anafanya vizuri. Kisha anaambiwa sasa tunapanga kwa umbo. Muulize, "Katika mchezo wa maumbo, gari linakwenda wapi?" Atakuonyesha sawasawa. Mpe kadi yenye gari aipange mwenyewe, ataiweka kwa rangi. Ametoka kukuonyesha mahali pake sekunde ile ile! Kufikia miaka 5, wengi wanaweza kubadilisha bila shida. Mzazi anayemfokea mtoto wa miaka 3 kwa kuwa "nimemwambia mara ngapi" anaidai sehemu ya ubongo ambayo bado inajengwa, na kelele hazitaharakisha ujenzi huo.

Sehemu hiyo iko nyuma ya paji la uso. Ndiyo inayoshikilia lengo akilini, inayolinyamazisha zoea, na inayochagua kipi kisikilizwe na kipi kipuuzwe. Umakini na kujizuia vimefungamana humo. Ukisoma katika chumba chenye watu wanaoongea, kila dakika unajizuia mara nyingi bila kujua. Sehemu hii huchelewa kukomaa kuliko karibu sehemu nyingine zote za ubongo: viungio vya seli za neva visivyotumika hupunguzwa, nyuzi za neva huendelea kuvikwa utando wa mafuta unaoharakisha mawasiliano, na kazi hiyo huendelea hadi katikati ya miaka ya ishirini.

Kwa hiyo kijana wa miaka 16 ni mtu wa aina yake. Akiwa ametulia peke yake, na swali liko mbele yake kwenye karatasi, anapima hatari karibu sawa na mtu mzima. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwapa watu wa umri mbalimbali mchezo wa kompyuta wa kuendesha gari. Baadhi walicheza peke yao, wengine wakiwa na rafiki zao. Mbele ya rafiki, vijana walijiingiza kwenye hatari zaidi kwa kiasi kikubwa. Kwa watu wazima wa miaka 24 na zaidi, kuwepo kwa rafiki hakukubadilisha mambo. Baadaye, picha za ubongo zilionyesha kwamba vijana wanapotazamwa na wenzao, maeneo ya ubongo yanayotarajia raha huchangamka zaidi. Breki zipo, lakini hazijakaza, na mbele ya wenzake gari linapewa mafuta zaidi. Ndiyo maana mahubiri juu ya hatari huzaa matunda machache kuliko kuweka kanuni ya nani anapanda gari na nani, na saa ngapi.

Hapa lazima niseme neno juu ya kile kipimo maarufu cha peremende, maana wazazi wengi wamekisikia na wengine wamekijaribu nyumbani kwa hofu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford aliwaketisha watoto wa shule ya awali mbele ya kitu kitamu: ukingoja nirudi utapata viwili, ukishindwa utapata kimoja. Miaka mingi baadaye ilisemekana waliongoja walifanya vizuri zaidi maishani. Mwaka 2018 uchunguzi ulirudiwa kwa watoto zaidi ya 900. Uhusiano ulionekana, lakini ulikuwa karibu nusu ya ule wa awali, na ulipungua sana hali ya familia na malezi ilipohesabiwa.

Uchunguzi ninaoupenda zaidi ni wa mwaka 2013, uliofanyika Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, kwa watoto 28 tu. Kabla ya kupimwa, kila mtoto aliahidiwa rangi nzuri zaidi za kuchorea na stika nzuri zaidi. Nusu yao waliletewa. Nusu nyingine mtu mzima alirudi mikono mitupu na kuomba radhi. Ndipo peremende ikaja. Watoto waliotimiziwa ahadi walingoja wastani wa dakika 12. Walioangushwa walingoja wastani wa dakika 3. Mtoto aliyekwisha kuona ahadi za wakubwa hazitimii hana sababu ya kungoja, na kula mara moja kwake ni hesabu sahihi. Ukitaka mtoto ajifunze subira, anza na ahadi zako mwenyewe, hata zile ndogo kabisa.

Hili halifuti uzito wa jambo lenyewe. Mjini Dunedin, New Zealand, watoto 1,037 waliozaliwa kati ya 1972 na 1973 wamefuatiliwa tangu utotoni. Wale waliojizuia vizuri kati ya miaka 3 na 11 walikuwa, walipofika miaka 32, na afya bora, fedha zilizopangika zaidi na makosa machache ya jinai, hata baada ya kuzingatia akili na hali ya kiuchumi ya nyumbani. Lililo muhimu kwangu katika matokeo hayo ni kwamba wako watoto ambao uwezo wao wa kujizuia uliongezeka walipokua, na hao maisha yao yalikwenda vizuri kuliko ilivyotarajiwa.

Ya utu uzima nitayapitia haraka. Uchunguzi wa mwaka 2015 uliopima watu zaidi ya 10,000 wa miaka 10 hadi 70 ulikuta kwamba uwezo wa kudumisha umakini hupanda kwa kasi hadi kama miaka 16, kisha polepole hadi kilele karibu na miaka 43. Wanaodhani umakini ni mali ya vijana wasome tena sentensi hiyo. Kinachouharibu katika umri huu mara nyingi ni usingizi. Mwaka 2003 ilionyeshwa kwamba watu wazima waliolala saa 6 kila usiku kwa wiki 2 walidhoofika umakini kama waliokesha usiku mzima au hata kuzidi, na wenyewe hawakujiona wamechoka kiasi hicho. Hatari iko hapo: kipimo chako cha ndani nacho kimelala.

Na lile wazo kwamba nguvu ya kujizuia huisha kama betri halijasimama imara. Mwaka 2016 maabara 23 zilijaribu kwa pamoja kulithibitisha kwa washiriki zaidi ya 2,000, zikapata athari ndogo mno isiyotofautiana na sifuri. Wanaojizuia vizuri kwa kawaida ni wale waliopanga mazingira yao ili wasilazimike kupigana na kishawishi. Simu iko chumba kingine, si mfukoni. Uamuzi umefanywa mapema kwa sharti lililo wazi: "Nikimaliza kula, nanawa na kuketi kitabuni." Mpango wa namna hiyo, wa jambo fulani kufuatwa na tendo fulani, umechunguzwa sana na Peter Gollwitzer na wenzake, nao huwasaidia watoto na wazee pia, kwa sababu unauondolea ubongo mzigo wa kuamua kila mara upya.

Uzeeni mambo hubadilika kwa namna isiyotarajiwa. Mwaka 2005 Adam Gazzaley na wenzake waliwaonyesha vijana na wazee picha za nyuso na za mandhari, wakawaambia wakumbuke aina moja na kuipuuza nyingine. Ubongo wa wazee uliongeza nguvu kwa picha zilizotakiwa vizuri kama wa vijana. Walichoshindwa ni kuzinyamazisha zisizotakiwa. Kwa hiyo bibi anapopoteza uzi wa mazungumzo, usipandishe sauti kwanza. Zima televisheni, funga mlango, mketi mkitazamana, na azungumze mtu mmoja mmoja. Nimeona watu walioletwa kwetu kama "wamepotea akili" wakizungumza kwa utulivu wa ajabu mara tu chumba kilipokuwa kimya.

Lakini kuna mabadiliko ambayo si ya uzee. Mtu aliyekuwa mstaarabu maisha yake yote anaanza kusema maneno ya aibu mbele za watu, kuokota chakula kwenye sahani za wengine, kutapanya fedha, kutojali msiba wa ndugu yake. Kumbukumbu yake inaweza kuwa nzuri bado, ndiyo maana familia haifikirii ugonjwa. Inafikiria ukaidi, ulevi au laana. Ipo aina ya maradhi ya kusinyaa kwa ubongo ambayo huanzia sehemu ya mbele, mara nyingi kati ya miaka 45 na 65, na hizo ndizo dalili zake za mwanzo. Mabadiliko ya namna hii yakija polepole kwa miezi, mpelekeni hospitali akachunguzwe. Yakija ghafla, kwa saa au siku chache, hiyo ni dharura: inaweza kuwa kiharusi, maambukizi au athari ya dawa.

Mkienda, mgonjwa asiende peke yake, kwa kuwa mara nyingi yeye mwenyewe haoni kilichobadilika. Aende na mtu anayeishi naye. Andikeni kabla: jambo la kwanza lililowashangaza lilikuwa lipi, lilitokea lini, na alikuwa mtu wa namna gani kabla ya hapo. Swali hilo la mwisho msilifupishe. Hakuna mashine inayoweza kutuambia jibu lake.