Chumvi haizuii uzi mwekundu kuchuja

Baadhi ya wanaodarizi vitambaa vya makochi huloweka kwanza uzi mwekundu kwenye maji ya chumvi au siki, wakiamini hautachuja. Imani hiyo ina chanzo: chumvi husaidia pamba kunywa rangi wakati wa kutiwa rangi, na siki husaidia sufu na hariri. Ila uzi wa pamba ukishatoka dukani, haviishikizi rangi iliyozidi. Kinachosaidia ni kuusuuza kwa maji baridi mpaka yatoke meupe.

Ukinunua uzi pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, pima mwenyewe: kata kipande cha urefu wa kidole, kiloweshe, kikunje ndani ya kitambaa cheupe, kiminye, acha vikauke. Ukiona doa la waridi, uzi huo usiudarizie kwenye cheupe. Ua ulilolidarizi siku nyingi likiharibika linauma kweli. Rudia kwa sabuni unayofulia, maana uzi mwingine huvumilia maji matupu tu.