Ukoka Unapolala Majira ya Baridi: Dhana Potofu na Ukweli

Mtu aliyekulia pwani amezoea kwamba ukoka ukigeuka kahawia umekosa maji, hivyo akihamia Atlanta au Dallas, Marekani, na mwezi Desemba akaukuta uwanja wa nyumba yake umefanana na nyasi za kuezekea, mkono wake hukimbilia mpira wa maji.

Dhana: Baridi imeua nyasi.
Ukweli: Udongo unapopoa hadi kukaribia nyuzi 10 za Selsiasi, ukoka (Cynodon dactylon) husimamisha ukuaji, na jalidi (baridi ya kugandisha) ikiupiga, majani hupoteza klorofili, yaani kijani chake. Uhai hubaki katika sehemu ya shina iliyo usawa wa udongo na katika mashina yanayotambaa juu na chini ya ardhi, yaliyojiwekea akiba ya wanga. Anayetilia shaka na achimbue kipande cha ukubwa wa kikombe cha chai, kisha alichane shina kwa ukucha: ndani pakiwa peupe na pagumu, limelala tu, pakiwa pa kahawia na pamelegea, limekufa. Kipande hicho kikiwekwa ndani, dirishani penye jua, na kunyunyiziwa maji, huchipua baada ya wiki mbili tatu. Baridi kali inaweza kweli kuua ukoka, ila rangi pekee si ushahidi.

Dhana: Mbolea itarudisha ukijani.
Ukweli: Hili ndilo kosa la gharama zaidi, kwani ukoka uliolala hauna matumizi na naitrojeni ya mbolea, na wanaoifaidi ni magugu ya majira ya baridi, ambayo wakati huo yanastawi bila mshindani. Mbolea isubiri hadi udongo ufikie takriban nyuzi 18 na ukoka uwe umeshachipua.

Dhana: Ukilala hauhitaji maji.
Ukweli: Huhitaji kidogo. Wiki kadhaa zikipita bila mvua huku upepo mkavu ukivuma, mashina yanaweza kukauka.

Dhana: Viwanja vya gofu vya kijani mwezi Januari vina ukoka usiolala.
Ukweli: Mara nyingi kijani hicho ni cha nyasi nyingine, rai, inayopandwa juu ya ukoka kila vuli, kama inavyofanyika katika klabu ya gofu ya Augusta National huko Georgia. Machipuko yakifika, rai huunyang'anya ukoka mwanga na maji, ukachelewa kuamka. Kwa uwanja wa nyumbani, mimi ningeuacha na kahawia yake.