"Nimekata tamaa": maswali na majibu

Neno la Kiingereza "despair" ni sawa na kukata tamaa?

Yanakaribiana sana. "Despair" limetoka Kilatini, desperare: sperare ni kutumaini, na kipande cha mbele kinaliondoa tumaini hilo. Kiswahili kimetumia kisu: tamaa imekatwa. Si ile tamaa ya "tamaa mbele, mauti nyuma", bali ile ya kutazamia jema.

Msichanganye na ndugu yake "desperate". Huyo ni mtu aliyebanwa hadi yuko tayari kufanya lolote, na bado anahangaika. Aliyekata tamaa mara nyingi ametulia, na utulivu huo hutudanganya sisi tulio karibu naye.

Kila anayesema "nimekata tamaa" ni mgonjwa?

Hapana. Sikiliza kinachofuata. "Nimekata tamaa ya kupata ile kazi" ina mpaka: jioni atakula, atacheka na wenzake, na wiki ijayo ataomba kwingine. Lakini akisema "nimekata tamaa" kisha akanyamaza, muulize: tamaa ya nini? Akijibu "ya kila kitu", au "sioni mbele", usiyapite maneno hayo.

Tazama na mikono yake. Mama aliyezoea kuloweka mchele wa vitumbua kila jioni, sasa mchele uko palepale kwenye mfuko, wiki ya pili. Ukimuuliza anasema, "Nilowekee nini?" Hajachoka wala si mvivu. Haioni kesho ambayo mtu atakuja kununua. Majirani watasema amebadilika, basi, yaishie hapo. Yasiishie hapo.

Hospitali wanapimaje?

Kipimo kinachotumika sana cha sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito (depression), kina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3. La pili linauliza juu ya huzuni na kukosa matumaini. La tisa linauliza mawazo ya kufa au kujidhuru, na hilo likijibiwa ndiyo, mhudumu hapaswi kungoja jumla ya alama.

Daktari Mmarekani Aaron Beck na wenzake walitoa mwaka 1974 kipimo cha kauli 20 kinachopima kukosa matumaini peke yake. Utafiti wake ulionyesha kuwa hali hiyo inaashiria hatari ya kujiua zaidi kuliko ukali wa sonona kwa ujumla.

Tumefundishwa kuwa kukata tamaa ni dhambi. Nimwambie azidishe sala?

Sala haizuiwi, na wengi inawashika mkono. Lakini sonona ni ugonjwa, na kukosa matumaini ni dalili yake kama homa ilivyo dalili ya malaria. Ukimwambia imani yake haba, unamwongezea aibu juu ya mzigo alio nao. Msindikize msikitini au kanisani, kisha msindikize hadi kituo cha afya pia.

Nikimuuliza kama anafikiria kujiua, si nitamtia wazo?

Hutamtia. Wengi hupata nafuu wakiulizwa, maana wamelibeba neno hilo peke yao muda mrefu. Muulize faraghani, kwa maneno ya wazi: "Umewahi kufikiria kujiua?" Akikubali, usimwache peke yake, ondoa karibu naye dawa na sumu za shambani, umpeleke hospitali siku hiyohiyo. Usikubali akuapishe kuificha siri hiyo. Kwa mtoto, namba 116 hupigwa bure Kenya na Tanzania.

Inatibika?

Ndiyo, na hapa ningependa nisikike vizuri. Kuna tiba ya mazungumzo na kuna dawa. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza akina bibi wa mitaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, kuwasikiliza na kutafuta nao hatua moja ya kuanzia. Katika utafiti, wagonjwa waliokaa kwenye benchi hilo walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Dawa za sonona, kama fluoxetine, hazifanyi kazi siku ya kwanza. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 4, na wengi huziacha kabla ya hapo wakidhani hazifai. Mara nyingi usingizi na hamu ya kula hurudi kwanza, matumaini huchelewa. Akisema "bado sioni mbele" lakini jana alikula ugali wote, dawa imeanza. Aendelee nayo, na asiiache bila kuongea na aliyemwandikia.