Makombe ya bega: lini uyabane, lini uyaache yateleze

Kombe la bega ni ule mfupa bapa wenye umbo la pembetatu ulio nyuma ya kifua, takriban kuanzia ubavu wa 2 hadi wa 7. Halina kiungo na mbavu zenyewe. Mfupa pekee unaoliunganisha na kifua ni mtulinga. Kwingine kote limeshikwa na misuli, ndiyo maana linateleza.

Hupanda na kushuka, kama unapoinua mabega kusema "sijui". Huenda mbele yakiachana, hurudi nyuma yakiukaribia uti wa mgongo. Tena huzunguka: mkono ukipanda, ncha ya chini ya kombe huelekea kwapani.

Huku kuzunguka ndiko kunakosahauliwa. Mkono unapoinuka nyuzi 180 hadi juu ya kichwa, takriban 120 hutoka kwenye kiungo cha bega na 60 kwenye kombe. Anayebana makombe nyuma na chini huku akisukuma vyuma juu ya kichwa anajinyima hizo 60, kisha anazifidia kwa kupinda kiuno. Kwa hiyo ile amri ya jimu, "bana mabega nyuma", si ya kila zoezi.

Mahali pake ni kwenye benchi. Ukiwa umelala chali kusukuma chuma kutoka kifuani, yarudishe nyuma na chini kabla ya kutoa chuma kwenye nguzo, na usiyaachie hadi ukirudishe.

Pushapu ni kinyume, kwani mgongo uko huru, haujalalia benchi. Ukishuka yakaribiane, ukisukuma yaachane. Mikono ikishanyooka, endelea kuisukuma sakafu mpaka kifua kipande sentimita chache zaidi, bila kukunja viwiko. Hapo unafanya kazi msuli wenye meno kama ya msumeno, ulioshika mbavu za ubavuni. Msuli huo ukiwa dhaifu, ukingo wa kombe hutokeza kama bawa. (Bawa likijitokeza ghafla upande mmoja, pengine neva ya msuli huo imeumia, muone daktari, pushapu zisubiri.)

Kwenye kujivuta juu ya chuma, ning'inia mikono ikiwa imenyooka, shusha makombe kwanza, viwiko vifuate. Anayeanza afanye hiyo hatua ya kwanza pekee, seti 2 za mara 8. Ukivuta dambeli ukiwa umeinama, liache kombe liende mbele kila unapoishusha. Wengi huligandisha nyuma, na anayechoka ni mkono tu.