Asilimia 10 ya maombi si asilimia 10 ya wateja

Tangu utaratibu mpya wa kupandisha matoleo ya programu uanze kutumika, dawati letu la kuidhinisha mabadiliko linapokea malalamiko ya aina mbili. Wapo wanaosema tunawachelewesha. Wapo pia wanaosema wamefuata utaratibu neno kwa neno na bado wateja wameumia. Wa kwanza tunawajibu kwa kifupi: ndiyo, tunawachelewesha kwa makusudi, na kusubiri hakujaua mtu. Makala hii ni ya hao wa pili.

Wengi wenu mnatumia Lambda, huduma ya Amazon ya kuendeshea programu, ambako tangu mwishoni mwa 2017 lakabu moja (jina linaloelekeza kwenye toleo) inaweza kugawa maombi, yaani kila mwito unaofika kwenye programu, kati ya matoleo mawili kwa uzito mnaoupanga wenyewe. Kwa hiyo timu huandika asilimia 10 kwa toleo jipya, ikajiaminisha kwamba mteja mmoja kati ya kumi ndiye atakayeliona. Sivyo. Kura inapigwa kwa kila ombi. Mteja yuleyule anaweza kufungua ukurasa kwa toleo jipya na kubonyeza "lipa" kwa toleo la zamani, sekunde nne baadaye.

Kisa kimoja kilichotufikia kilianza na namba za simu. Toleo jipya lilihifadhi namba kwa kuanza na 255. La zamani lilizitafuta kwa kuanza na 0. Mama mmoja akajisajili, akapata ujumbe wa hongera, akarudi kuingia na kuambiwa namba yake haipo. Akajaribu tena, ikawepo. Akajaribu ya tatu, haipo. Timu ilipoona malalamiko ikarudisha toleo la zamani kwa asilimia 100, ikapumua. Hapo ndipo wote waliokwisha kuandikwa kwa 255 wakapotea moja kwa moja. Kurudisha toleo kunarudisha programu tu. Data iliyokwisha kuandikwa inabaki ilivyo. Mkitaka kubadili umbo la data, pandisheni kwanza toleo linalosoma maumbo yote mawili, likae, ndipo lije linaloandika umbo jipya.

Jambo hili si geni. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya udalali wa hisa ya Knight Capital, Marekani, iliweka programu mpya kwenye seva saba kati ya nane. Ya nane, iliyosahaulika, ikaamsha kipande cha kale cha programu ambacho hakuna aliyekitumia tena. Katika kujinusuru wakaondoa programu mpya kwenye zile saba, na moto ukaongezeka. Dakika 45 ziliwagharimu zaidi ya dola milioni 440.

Kuna timu zinazopandisha saa nane usiku "ili tusisumbue wateja", kwa mpangilio wa asilimia 10 kwa dakika 5, kisha wote. Tunaelewa nia njema. Lakini dakika hizo tano zikileta maombi matatu, uwezekano kwamba hakuna hata moja lililogusa toleo jipya ni asilimia 73. Mmesubiri, hamkupima chochote, kisha mmewapeleka watu wote huko. Pandisheni saa za kazi, watu wakiwa macho, nanyi mkiwa macho.

Kengele nazo. Kengele, yaani tahadhari ya kiotomatiki, iliyowekwa kwenye makosa ya matoleo yote kwa pamoja, ilie yakifika asilimia 15 ya maombi, haitalia hata kama toleo jipya linaangusha kila ombi, kwa sababu toleo hilo linabeba asilimia 10 tu ya jumla. CloudWatch, huduma ya Amazon ya ufuatiliaji, inatenganisha vipimo kwa toleo lililotekelezwa. Tumieni hicho.

Na kabla ya kutuandikia kwamba "wote wamepata toleo jipya kwa mkupuo", angalieni lango lenu, linalopokea maombi ya wateja, linaita anwani ipi. Likiita fanksheni (programu yenu ndani ya Lambda) bila kutaja lakabu, linakwenda moja kwa moja kwenye $LATEST, yaani nakala ya karibuni kabisa, na uzito wote mliopanga hauna kazi. Tumeshalisema hili mara nyingi kiasi kwamba tunaombwa radhi hata kabla hatujajibu.

Sasa taratibu. Fomu ya mabadiliko iwasilishwe siku 2 za kazi kabla, ikitaja namba ya toleo la zamani na jipya, mpangilio wa kuhamisha maombi, jina la kengele itakayosimamisha zoezi, na mtu aliye zamu. Matoleo yote mawili yawe na ruhusa zilezile za utekelezaji, la sivyo lakabu itakataa kugawa. Fomu isiyo na jina la kengele hairudishwi kwa marekebisho. Inafutwa, na siku 2 zinaanza upya. Timu itakayopeleka asilimia 100 kwa mkupuo bila kibali cha dharura itasimamishiwa ruhusa ya kupandisha kwa siku 14. Ikirudia, siku 30 na barua kwa mkuu wa kitengo.

Kibali cha dharura hutolewa kwa tundu la usalama au huduma iliyosimama kabisa. Mkurugenzi kuwa na wageni kesho asubuhi si dharura, na hapa hatumlengi yeyote. Kibali kinaombwa kwa simu kwanza, fomu inafuata ndani ya saa 24, na aliyetajwa kuwa zamu awe ndiye anayepokea simu tukipiga.